Kumnasa Mtoto Anayekimbia: Fokasi Kwenye Kiwanja cha Sikukuu

Alasiri ya Idi Mosi, viwanja vya Mnazi Mmoja mjini Unguja hujaa watoto wenye nguo mpya: wavulana wa kanzu na kofia za viua, wasichana wa magauni ya marinda na hina mikononi. Hawatulii. Huyu anakimbilia bembea, yule anafuata aiskrimu, mwengine ameshaliona baluni. Wazazi na wapiga picha wanawafuata nyuma, na usiku simu zinapofunguliwa nyumbani, picha nyingi zina ukungu. Hapo lawama huanza: lenzi mbovu, simu ya bei rahisi, mtoto mtundu. Mimi sikubaliani. Kamera ya mtumba, na hata simu ya kawaida, inaweza kumtoa mtoto anayekimbia kope zake zikahesabika, mradi mpigaji awe ameamua mambo machache kabla mtoto hajafika mbele yake.

Anza na picha iliyoharibika. Ifungue, ivute mpaka uso ujae kioo, utafute ukungu umekaa wapi. Ikiwa kila kitu kimeteleza upande mmoja, mtoto, bembea na mti wa nyuma, basi mkono wako ndio uliotikisika. Ikiwa ardhi na mti viko wazi lakini mtoto ameacha mkia, hasa kwenye mikono na miguu, basi kaenda mbio kuliko shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga. Na ikiwa mtoto ana ukungu laini usio na mkia, huku kitu kingine kiko wazi kabisa, sikio lake, kifungo chake au ukuta wa nyuma, hapo fokasi imekwenda pasipo. Kwenye kioo kidogo makosa haya matatu yanafanana, ndiyo maana watu hununua lenzi mpya kutibu tatizo la shata. Kwa watoto wadogo wakiwa nje, shata ndiyo yenye makosa mara nyingi zaidi.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtoto anayekimbia mita 3 kwa sekunde, ukimpiga kwa shata ya 1/60 ya sekunde, husogea sentimita 5 wakati shata iko wazi. Hiyo ni karibu nusu ya upana wa uso wake, na hakuna lenzi duniani itakayoirudisha. Kwa 1/500 anasogea milimita 6. Kwa 1/1000, milimita 3. Kamera ikiachiwa ijichagulie yenyewe, hasa kivulini, hupenda sana kukaa karibu na 1/60 au 1/125, kwa sababu haijui kwamba mbele yake kuna mtoto wa miaka minne aliyeona farasi wa kupanda.

Kwa hiyo chagua wewe. Mtoto aliyekaa akila, 1/250, maana hata aliyekaa hugeuza shingo ghafla. Anayetembea, 1/500. Anayekimbia, kuruka au kubembea, 1/1000. Kwenye kamera za Canon zungusha kidude cha juu hadi Tv. Kwenye Nikon na Sony, hadi S. Weka kasi unayoitaka, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe. Watu wengi wanaogopa ISO kubwa kwa sababu ya punje zinazotokea kwenye picha. Punje hazimzuii bibi kumtambua mjukuu wake, ukungu unamzuia. Na ile swichi ya kutuliza lenzi isikudanganye: inatuliza mkono wako tu, mtoto haimtulizi.

Mwanga wa nje unatosha kwa kasi hizi. Kwenye jua wazi, ISO 100 na tundu la lenzi likiwa f/4, shata inafika kama 1/1600. Kwenye kivuli kilicho wazi upande mmoja, ISO 400 na f/4 inakupa takriban 1/800. Shida huanza jioni. Unguja jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 50 mwaka mzima, na likishazama giza haliko mbali, kwani sehemu zetu za karibu na Ikweta hazina utusitusi mrefu kama wa nchi za kaskazini. Bahati mbaya, hiyo ndiyo saa ambayo kiwanja huwa kimejaa zaidi. Mpigaji anayetaka picha za mbio na bembea azipige kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 12 kasorobo, kisha abaki na picha za watoto waliokaa, kwani hao wanavumilia shata ya polepole.

Saa 6 na saa 7 mchana ningeziepuka. Jua linakaa utosini, macho ya mtoto yanaingia kwenye kivuli cha paji la uso na cha kofia, naye anayakunja. Kamera hupata fokasi kwa kutafuta mipaka ya kiza na mwanga. Jicho lililozama kivulini halina mpaka wa kushika, basi kamera hushika kilicho wazi zaidi jirani yake. Kwa mtoto wa Kizanzibari aliyevaa sikukuu, kitu hicho ni viua vya kofia au tarizi ya shingo ya kanzu. Ukiitazama picha hiyo kwa karibu utaona kila uzi wa tarizi umetoka, na macho yamelainika. Mpigaji hudhani fokasi imekosea kidogo tu, kumbe imefanya kazi yake barabara: imekwenda penye mistari mingi.

Kuna na la pili kwenye kanzu hiyo hiyo. Nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera hudhani mwanga umezidi, ikapunguza. Uso mweusi wa mtoto unazama zaidi, mboni na kope zinakuwa kiza kimoja, na hata kama fokasi ilikuwa sawa picha inaonekana butu. Dawa ni kuongeza mwanga kwa makusudi, +0.7 hadi +1 kwenye kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwenye simu, gusa uso wa mtoto kisha telezesha kijua kidogo kinachotokea, kipande juu. Kanzu itang'aa kuliko ilivyo, iache ing'ae. Anayetazamwa ni mtoto.

Lakini dawa kubwa ya macho ni mahali pa kumsimamisha mtoto. Tafuta ukingo wa kivuli: ukuta mrefu, turubali la muuza juisi, mti wenye majani mengi. Mtoto awe ndani ya kivuli hatua moja tu, uso umeelekea nje kwenye uwazi, na wewe uwe upande wa uwazi huo. Mbingu yote inakuwa taa yake. Chuchumaa, umtazame usoni, utaona nukta nyeupe ya mwanga imekaa kwenye kila mboni. Kamera inaiona pia, na inapata cha kushika. Rudi nyuma hatua mbili tatu ndani ya kivuli na nukta ile inafifia, halafu inapotea, na fokasi inaanza kuhangaika. Tofauti ni ya hatua chache, na ninaihesabu kuwa na thamani kuliko lenzi yoyote.

Sasa fokasi yenyewe. Kamera nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye fokasi ya kushika mara moja: unabonyeza nusu, inashika, inafunga. Hiyo ni ya jengo na ya bwana harusi. Mtoto anayekuja mbio kuelekea kwako amekwishaiacha fokasi hiyo nyuma kabla hujamaliza kubonyeza. Ibadili iwe fokasi ya kufuata: kwenye Canon inaitwa AI Servo, au Servo tu kwenye kamera mpya, kwenye Nikon na Sony ni AF-C. Ukiwa umebonyeza nusu, kamera inaendelea kumfuata anavyosogea. Weka na upigaji wa mfululizo, upige tatu au nne kwa pamoja, uondoe kidole, upige tena. Kushikilia kitufe mpaka kadi ijae kunakuletea rundo la picha za kuchambua usiku kucha.

Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani hutambua jicho zenyewe na kulifuata. Ukiwa nayo washa kipengele hicho, uwashe na cha mfululizo, uendelee na sherehe. Ila zinazozunguka mitaani kwetu nyingi ni za zamani, na mafundisho ya kamera hizo yanafaa kuelezwa. Chukua Canon EOS 600D, ya 2011. Ina nukta 9 za fokasi, na iliyo imara kweli ni ya katikati peke yake, kwa kuwa ndiyo inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Nukta zote 9 zikiwa zimewashwa, kamera inaweza kushika kilicho karibu zaidi, na kwa mtoto anayekukimbilia hicho ni mkono au goti. Basi zima nyingine zote ubaki na ya katikati, uiweke juu ya jicho lililo karibu nawe, na umwachie mtoto nafasi pande zote. Picha ya 600D ina megapikseli 18, unaweza kuikata baadaye ukampanga unavyotaka. Minolta 7000, kamera iliyofanya fokasi ya kujiendesha ienee kwa wapigaji wa lenzi za kubadilisha mwaka 1985, ilikuwa na hiyo ya katikati tu, na watu walipiga mpira na harusi kwayo.

Jambo jingine kwa kamera hizi: tazama kwa tundu la juu, usitumie kioo cha nyuma. Ukiwasha kioo cha nyuma kwenye kamera ya umri huo inabadili namna ya kufokasi. Lenzi huanza kwenda mbele na kurudi ikitafuta, na mtoto keshafika kwa muuza baluni.

Halafu ule mtindo wa kufungua tundu la lenzi mpaka mwisho ili nyuma kuyeyuke. Naupenda kama wanavyoupenda wengine, lakini kwa mtoto anayecheza unagharimu. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera kama 600D, mtoto akiwa mita 2, tundu likiwa f/1.8, sehemu inayotoka wazi ina kina cha kama sentimita 11 tu. Toka ncha ya pua ya mtoto mdogo hadi sikio ni karibu hiyo hiyo, na yeye hatulii hata sekunde. Kwa f/4 unapata kama sentimita 24, kwa f/5.6 kama 34. Ukirudi nyuma hadi mita 3 kwa f/5.6, kina kinafika karibu sentimita 77, na hapo mtoto anaweza kuinama, kucheka na kujirusha bila kutoka nje ya fokasi. Nyuma hakutayeyuka sana, kweli. Chagua basi upande ambao nyuma kuko mbali na hakuna vitu vingi, uelekee baharini kwa mfano, na tatizo litapungua lenyewe.

Hesabu hiyo ya mita 3 ndiyo ninayoitumia kwenye bembea, mahali watu wanapopoteza picha nyingi kuliko popote. Bembea ya kamba ya mita 2 huenda na kurudi kwa karibu sekunde 3. Ikipita chini kabisa ndipo iko mbio zaidi, na ndipo wengi wanapobonyeza, kwa sababu hapo mtoto yuko karibu na anaonekana. Ila kwenye kila ncha, ya mbele na ya nyuma, bembea husimama kabisa kwa kitambo kidogo kabla ya kugeuka. Hapo mtoto hana mwendo. Ncha ya mbele ina kasoro yake: miguu inatangulia, na kamera hushika nyayo za viatu vipya. Ncha ya nyuma ni nzuri. Mwili umeinamia mbele, mikono imekaza kamba, uso unakutazama.

Mwambie anayesukuma amshikilie mtoto kwenye ncha ya nyuma kabla hajamwachia. Simama mbele, pembeni kidogo ya njia ya bembea usije ukapigwa teke, mita 3 kutoka usoni. Fokasi kwenye jicho, kisha sogeza swichi ya lenzi kutoka AF hadi MF ili kamera isitafute tena. Mtoto akiachiwa, wewe husogei. Kila anaporudi nyuma atapita pale pale ulipofokasi na kusimama pale pale. Msukumo ukiongezeka ncha inahama kidogo, lakini zile sentimita 77 zinaifunika. Bonyeza kabla kidogo ya kusimama, kwa sababu kidole chako na kamera vyote vinachelewa. Baada ya mizunguko michache mkono unashika mdundo, na kicheko cha mtoto aliyekwisha kusahau kamera kinakuja bila kuombwa.

Mbinu hii ya kumngojea mtoto mahali badala ya kumkimbiza inafanya kazi kwingi. Mtoto anakimbia ufukweni? Laza ndara moja mchangani, fokasi juu yake, na umwambie mama achuchumae nyuma ya bega lako na kumwita. Mtoto atapita usawa wa ndara akimtazama mama yake, ambaye yuko sikioni kwako, kwa hiyo macho yatakuwa kwako pia. Anateremka mtelezo? Fokasi kwenye mdomo wa mtelezo. Na ukiweza kuchagua, mpige akikatiza mbele yako. Anayekatiza umbali wake kutoka kwako haubadiliki sana. Anayekujia, kila hatua ni fokasi mpya.

Maneno nayo ni sehemu ya fokasi. Mtoto akiambiwa atabasamu hukaza shingo na kufinya macho, au hukimbia. Muulize jambo lenye jibu refu. "Kakununulia nani viatu hivi?" Atakutajia baba, duka na bei, na kwa muda huo kichwa kimetulia na macho yamefunguka. Ila kabla ya hayo mzazi aulizwe. Viwanjani watoto wengi huja na dada au kaka mkubwa tu. Kama hakuna mtu mzima wa kutoa ruhusa, mimi picha hiyo siipigi, hata mwanga ukiwa mzuri vipi.

Simu ina tabia yake. Kwa kuwa kihisi chake ni kidogo, kina cha fokasi ni kirefu, na fokasi ya simu haikosei mara nyingi nje ya nyumba. Inayoharibu ni shata, pamoja na vipengele vinavyojiwasha. Zima kile cha kurembesha uso. Kinalainisha ngozi na kupeleka kope pamoja nayo. Zima kile kinachotia ukungu nyuma, maana simu inakisia wapi mtoto anaishia, na kwa mtoto anayecheza hukata vidole na nywele. Kile cha usiku usikiguse kabisa kwa watoto, kwani kinaunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa kufuatana, na katikati yake mtoto amekwishahama. Simu nyingi za Android zina upande wa Pro unaokuruhusu kuweka shata 1/500 mwenyewe. Kama yako haina, mlete mtoto kwenye mwanga zaidi na simu itaongeza kasi yenyewe. Tumia kamera ya nyuma, ile kuu, bila kuvuta kwa vidole. Sogea kwa miguu.

Na kioo cha lenzi kifutwe. Simu iliyoshikwa na mikono yenye mafuta ya nazi na vibanzi huwa na utando kwenye lenzi, na kila taa inaota ndevu. Karibu na bahari, pale Forodhani kwa mfano, upepo unaleta chumvi inayokaa kwenye lenzi bila kuonekana na kuifanya picha nzima iwe na weupe. Puliza mchanga kwanza, kisha ufute kwa kitambaa laini. Ukifuta kabla ya kupuliza, mchanga utakwaruza. Jihadhari pia na kiyoyozi. Kamera iliyokaa kwenye gari baridi ikitolewa ghafla kwenye joto la pwani huota jasho kwenye kioo, na kulifuta hakusaidii kwa kuwa linarudi papo hapo. Isafirishe kwenye buti, au iache ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la nje.

Usiku wa kuchagua, vuta kila picha hadi jicho lililo karibu. Nukta ya mwanga na kope zikiwa wazi, ibaki, hata kama mkono mmoja umeacha mkia. Mkono uliopepea unaonyesha kwamba mtoto alikuwa anacheza. Jicho likiwa na ukungu, ifute, hata kama nguo imependeza. Unapozituma kwa wazazi, WhatsApp hubana picha na kuondoa ule ukali ulioutafuta mchana kutwa, basi zitume kama dokumenti, au angalau uchague HD. Na mzazi akitaka kusafisha picha studio, mpe faili la asili kwenye flashi. Megapikseli 18 zinatosha karatasi ya ukubwa wa A3 karibu kamili, ila nakala iliyopita kwenye makundi mawili matatu ya simu haitafika huko.